Je, umkemee mwendesha baiskeli asiyevaa helmeti?

Ilikuwa saa moja asubuhi katika barabara ya Jogoo, jijini Nairobi. Magari yalikuwa yamekwama kama ilivyo ada, nami nilikuwa miongoni mwa waliokwama. Mara akanipita mwanamume mmoja juu ya baiskeli aina ya Black Mamba, mtoto wa kike wa umri wa miaka sita hivi amekaa mbele yake juu ya chuma, sare ya shule imepigwa pasi vizuri. Wote wawili hawakuwa na chochote kichwani. Niliteremsha kioo cha gari, nikapaza sauti: "Wewe! Unataka kumuua mtoto? Helmeti iko wapi?"

Mwanamume yule aligeuka kunitazama. "Mzee, hii kichwa ni yangu," akasema. "Wewe chunga gari yako."

Alipokuwa angali ananitazama, matatu iliyokuwa ikitafuta upenyo ilikata ghafla upande wake. Baiskeli iliyumba. Akaweka mguu chini, akamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, wakanusurika kwa tundu la sindano. Utingo wa matatu ndiye aliyeyamalizia matusi niliyoyaanza mimi.

Nilifika kazini mikono ikinitetemeka. Laiti mtoto yule angeanguka, hakuna ambaye angenitaja katika taarifa ya polisi, lakini mimi ningejua.

Sasa nieleze kisa cha pili, ambacho ni kinyume cha hicho.

Kwa muda wa miaka mitatu hivi, kijana mmoja alikuwa akiniletea maziwa kila asubuhi kabla ya wagonjwa kuanza kupanga foleni. Alitoka upande wa Ruai akiwa na mitungi miwili aliyoifunga kwa mpira wa tyubu kwenye keria, na mwingine mdogo ukining'inia kwenye usukani. Alikuwa mcheshi. Alijua ni nani mtaani aliyejifungua na ni nani aliyehama usiku bila kulipa kodi ya nyumba. Katika miaka hiyo yote sikuwahi hata mara moja kumtajia helmeti. Nilijiambia kwamba hakuja kwangu kama mgonjwa, na kwamba mtu anayechuma riziki yake kwa jasho kiasi hicho hahitaji mahubiri ya daktari mwenye gari. Na kusema kweli, nilitaka maziwa yangu nirudi ndani nifanye kazi.

Siku moja kabla ya mapambazuko, gurudumu lake la mbele liligonga tuta lisilokuwa na alama yoyote. Alianguka, na upande wa kichwa ukagonga ukingo wa barabara. Hakukuwa na gari lolote karibu. Waliomwona walisema alilala pale kwa muda mfupi, akainuka, akajipangusa vumbi, akasikitikia maziwa yaliyomwagika, kisha akaendelea na safari. Aliwafikia wateja wake wa kwanza na kuwatania kama kawaida. Kufikia saa tatu alilalamika kwamba kichwa kinamuuma. Akatapika. Akaenda kulala chumbani kwa ndugu yake, na majirani wakadhani ni uchovu. Waliponiletea saa sita mchana hakuwa akijibu anapoitwa, na mboni ya jicho moja ilikuwa imepanuka kuliko ya pili.

Madaktari tunaijua hali hiyo vyema. Mfupa wa panja, hapo juu ya sikio, ni mwembamba, na chini yake hupita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka unaweza kuukata mshipa huo. Damu huanza kujikusanya kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Mwanzoni nafasi huwepo na mtu huongea na kutembea kama mzima. Damu inapozidi, ubongo hukandamizwa, nao hauna pa kwenda kwa kuwa fuvu halitanuki. Asipopasuliwa upesi ili damu itolewe, hufa.

Alipasuliwa usiku huo katika hospitali kubwa, akapona. Nasema akapona kwa maana kwamba anaishi na anakula. Hawezi tena kukumbuka hesabu za wateja, na yule mtu mcheshi sasa hukasirika kwa jambo dogo hadi watoto humkimbia. Mkewe alipokuja kuchukua dawa zake za kuzuia kifafa aliniuliza bila hasira yoyote: "Daktari, wewe ulikuwa unamwona kila asubuhi. Hukuwahi kumwambia?"

Nilimjibu kwamba hakuwa mgonjwa wangu. Jibu hilo halikumridhisha, wala mimi halikuniridhisha.

Basi mara moja nilisema nikakaribia kumwangusha mtoto, na mara nyingine nikanyamaza na mtu akaumia. Ni kwa sababu hiyo nimeona niliandikie suala hili, maana wengi wetu tunaotumia barabara za miji tumo katika mtego huo huo.

Kwanza, je, helmeti yenyewe inafaa? Inafaa. Mnamo 2016 watafiti wawili wa Australia walichapisha uchunguzi uliojumlisha tafiti 40 kutoka nchi mbalimbali, kuhusu zaidi ya waendesha baiskeli 64,000 walioumia. Waligundua kwamba miongoni mwa walioumia, waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata jeraha baya la kichwa kwa karibu asilimia 70. Ndani ya helmeti mna povu gumu ambalo hubonyea linapogongwa, na kule kubonyea ndiko kunakomeza nguvu ambayo ingelifikia fuvu. Anguko la muuza maziwa wangu, mtu kutoka juu ya baiskeli hadi ukingo wa barabara, ndilo hasa helmeti ilitengenezewa.

Lakini haina miujiza. Katika vipimo vya Ulaya helmeti ya baiskeli huangushwa kwa mwendo wa takriban kilomita 20 kwa saa. Basi likija kwa kilomita 80 ni habari nyingine. Hapa ndipo ninapowashuku wenzangu wenye magari, nikiwemo mimi mwenyewe siku ile. Tunampita mwenye baiskeli tukiwa karibu kumgusa kwa kioo, tunampigia honi atoke barabarani aingie kwenye mtaro, kisha tunamkaripia kwa kutovaa helmeti. Mwenye kuleta hatari amegeuka mwalimu wa usalama. Haishangazi kwamba hatusikilizwi.

Isitoshe, huwezi kuvaa katikati ya barabara ya Jogoo kitu usichokuwa nacho. Anayekemewa anahitaji macho yote mawili yatazame mbele, na ukimwaibisha mbele ya mtoto wake atatafuta kwanza kuilinda heshima yake. Kichwa kitakuja baadaye.

Wapo watakaosema tuwaachie polisi. Tazama basi upande wa pikipiki. Sheria ya trafiki inamtaka mwendeshaji bodaboda na abiria wake wavae helmeti. Ni mara ngapi umeiona ikining'inia kwenye kiwiko cha mwenyewe, ikingoja askari aonekane mbele? Abiria naye hupewa helmeti iliyovaliwa na watu 20 tangu asubuhi, haina hata kamba ya kidevuni, na huikataa kwa kuogopa chawa. Jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa la kwanza duniani kuwalazimisha waendesha baiskeli wote wavae helmeti, Julai 1990. Majeraha ya kichwa yalipungua, lakini pia vijana wengi waliziacha baiskeli nyumbani. Huko Marekani, wilaya ya King ulipo mji wa Seattle ilifuta sheria yake ya helmeti Februari 2022, baada ya kubainika kwamba waliokuwa wakikamatwa kupita kiasi ni watu weusi na wasio na makao. Hebu fikiria hapa kwetu angekamatwa nani: yule wa Jumamosi aliyevaa nguo za kubana akielekea Karura, au fundi anayetoka Mukuru kwenda Industrial Area?

Yule wa Jumamosi, kwa njia, tayari anayo helmeti.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Mtu usiyemjua, aliye katika mwendo, mwache apite, na umpe nafasi ya kutosha unapompita. Lakini mtu unayemjua, aliyesimama, ambaye mnasalimiana, kumnyamazia si adabu. Ni uvivu tu uliovaa koti la adabu. Mlinzi wa lango lako, anayekuletea mkate dukani, fundi anayekujengea ukuta, shemeji yako: hao mwambie. Na kabla ya kumwambia, muulize. Nimeanza kufanya hivyo kliniki. Mgonjwa akija na kiwiko kilichochubuka kwa kuanguka, namuuliza huja kazini kwa njia gani na barabara ikoje. Wengi hunieleza wenyewe kwa nini hawana helmeti, na sababu zao zina maana. Bei ni ya siku kadhaa za kibarua. Ni joto. Akiiacha kwenye baiskeli itaibwa, na akiingia nayo kazini atachekwa.

Mwashi mmoja aliniambia anayo tayari, ile kofia ya mjengo. Nilimpongeza kwa kufikiria hivyo, kisha nikamweleza kwamba kofia ile ilitengenezwa kuzuia tofali linaloanguka kutoka juu. Haina kamba imara ya kidevuni wala povu la pembeni, na akianguka itaruka kabla yake. Alicheka, akaenda zake. Sijui kama alinunua nyingine.

Kuhusu mtoto, msimamo wangu ni mkali zaidi. Mtu mzima akiniambia kichwa ni chake, naweza kubishana naye kwa upole na mwishowe nikamwachia. Mtoto aliyekalishwa kwenye chuma hakuulizwa. Mzazi wake nitamwambia na nitarudia, lakini langoni mwa shule au kliniki, baiskeli ikiwa imesimama.

Waajiri nao wana nguvu kuliko daktari yeyote. Mwaka 1935 afisa maarufu wa Uingereza, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki akijaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akafa siku sita baadaye bila kupata fahamu. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama, Hugh Cairns, aliendelea kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941, wakati wa vita, akachapisha matokeo yake kuhusu faida ya helmeti. Jeshi likawaamuru waendesha pikipiki wake wazivae. Cairns hakusimama kando ya barabara akipiga kelele. Alimshawishi mwenye kutoa amri na mwenye kulipa gharama. Kiwanda kinachowapa wafanyakazi buti na glavu kwa ajili ya saa nane za kazi kinaweza kuwapa pia helmeti kwa ajili ya ile saa moja ya kuja na kurudi, pamoja na mahali pa kuifungia.

Ukiamua kumnunulia mtu, au kujinunulia, hakikisha inakaa sawa juu ya kichwa, vidole viwili juu ya nyusi, isirudi kisogoni. Kamba zikutane chini ya sikio, na kamba ya kidevu iwe na nafasi ya kidole kimoja au viwili tu. Jihadhari na za mitumba, kwani huwezi kujua imeshawahi kuanguka mara ngapi. Povu likishabonyea mara moja kazi yake imekwisha, hata kama nje inang'aa.

Na yeyote aliyeanguka akagonga kichwa, awe alivaa au hakuvaa, asiachwe peke yake siku hiyo. Mpelekeni hospitalini mara moja ikiwa alizirai hata kwa muda mfupi, ikiwa kichwa kinazidi kumuuma, anatapika, anasinzia kupita kawaida, anachanganyikiwa, anapatwa na degedege, mkono au mguu umelegea, au maji maangavu yanamtoka puani au sikioni. Msidanganywe na kwamba aliinuka akatembea. Muuza maziwa wangu alitembea.

Siku hizi maziwa huletwa na ndugu yake mdogo, kwa baiskeli ile ile. Wiki ya kwanza nilimkaribisha chai, nikamuuliza habari za barabara ya Ruai, kisha nikampa helmeti niliyokuwa nimeinunua. Alinishukuru sana, akaitundika kwenye usukani, na hapo ikakaa kwa siku tisa. Sikusema neno. Siku ya kumi nikamuuliza kama inambana, akasema ndiyo, upande wa nyuma. Tukailegeza pamoja. Jumatano iliyopita alikuja ameivaa, lakini kamba ilikuwa haijafungwa. Nilimfungia mwenyewe huku akinipimia lita mbili.