Ukuta na Haki ya Jirani

Ndugu Waislamu, katika Soweto yetu, jijini Mbeya, nyumba zimesongamana, na kila mwenye uwezo hupenda kuzungushia yake ukuta. Hilo si kosa. Lakini kabla ya kuhesabu gharama za matofali ya kuchoma, saruji, nondo na ujira wa fundi, tutazame mawe ya mpaka, tumwite jirani ashuhudie, kisha tuombe kibali cha ujenzi halmashauri ya jiji. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi iliyopokewa na Said bin Zayd (r.a.), ametuonya kuwa mwenye kudhulumu ardhi, japo shubiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Aliyekwisha kuichukua shubiri hiyo na abomoe, airudishe, kwani toba haitimii bila ya kurejesha haki. Wallahu aalam.