Si- na Na-: Jina la Ukoo Mbele ya Hati ya Tajnisi

Je, Sinyangwe na Nanyangwe ni jina moja au mawili? Kwa Mnamwanga wa Momba swali hili halina uzito: baba ni Sinyangwe, binti yake ni Nanyangwe, na ukoo ni mmoja. Mzizi -nyangwe haubadiliki. Kinachobadilika ni kiambishi awali, si- kwa mwanamume na na- kwa mwanamke. Warusi nao wana -ov na -ova, ila wao hudokeza jinsi mwishoni mwa jina.

Ugumu huanza jina linapoandikwa. Wanamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Tunduma, na upande wa Tanzania ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016. Binti aliyezaliwa upande wa Zambia akiomba uraia wa Tanzania kwa tajnisi, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humtaka, pamoja na mengine, awe ameishi nchini kwa muda uliowekwa, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na mwenendo mwema. Kubadili jina si sharti. Hata hivyo, ofisa asiyeifahamu mofolojia hii huweza kuona katika vyeti majina mawili yasiyolingana, na kuitilia shaka nasaba yenyewe. Mwombaji naye huweza kushawishika kusajili hati ya kubadili jina ili alingane na baba yake. Kisheria atakuwa amesawazisha kumbukumbu. Kisarufi atakuwa amejiita mwanamume. Hati ya kiapo inayoeleza kwamba maumbo hayo mawili ni ya ukoo mmoja ingefaa zaidi, kwa kuwa ingeliacha jina kama lilivyo.

Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela tatizo ni jingine. Siku hizi Mwa- huandikwa kwa wanaume na wanawake vilevile, lakini Wangonde wa Karonga, Malawi, nao wana majina ya Mwa-. Kwa hiyo jina peke yake halimtenganishi raia na mgeni.

Iringa inatupa mfano wa umbo la jina lililopata nguvu kwa kuandikwa. Mtwa wa Wahehe aliyefariki mwaka 1898 aliitwa Mkwavinyika. Kifupisho Mkwawa ndicho kilichoingia katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kilichoidai Ujerumani fuvu lake. Fuvu lilirejeshwa mwaka 1954, na kifupisho hicho ndicho wazao wake wanachokiandika hadi leo kama jina la ukoo.