Andika Pleni, Plagini Itasort

Kama unaandikia wasee wa mtaa, na wasee wenyewe wanasomea kwa simu yenye data ya mbao, kila picha unaweka kwa peji ni doo yao unaguza. Mimi nikibonga mambo ya tovuti huwanga naanzia hapo, kabla hatujafika kwa rangi na fonti. Msee amefungua stori yako ya nganya za Ronga. Umepanga mapicha 15: graff, spika, taa za ndani, dere amepiga luku. Simu yake haifai kushusha zote 15 kabla hajaamua kama anataka kusoma aya ya pili.

Hii kitu iko na dawa, na enyewe haitaki uguze stori hata moja. Ni plagini kadogo ya Markdown.

Wacha niweke base kwanza. Markdown ilitoka 2004. John Gruber ndiye aliitoa, Aaron Swartz akamsaidia kuichora. Rieng ilikuwa faili ya maandishi matupu yenye inasomeka fiti hata kabla igeuzwe HTML. Alama ya reli mbele ya laini inakuwa kichwa cha habari. Picha unaandika `![maelezo](picha.jpg)`, kwisha. Halafu kuna programu za kujenga tovuti tuli, kina Jekyll, Hugo na Eleventy. Zinabeba folda yako yote, zinaigeuza HTML kwa mpigo mmoja, unarusha kwa seva. Hakuna databesi ya kulisha, na pa kuhosti unaeza pata sare kabisa. Kwa kijana hana chapaa ya kulipia seva kila mwezi, hiyo ni mali safi.

Mimi niko na Eleventy, ile ya Zach Leatherman. Ndani yake mashine yenye inasoma Markdown inaitwa markdown-it, na hapo ndio utamu uko. Haikimbilii HTML mara moja. Kwanza inakata faili yako vipande, inaviita tokeni: hapa aya inaanza, haya ni maneno, hii ni picha. Halafu inapitia tokeni moja baada ya nyingine ikitoa HTML, na picha iko na ruli yake peke yake. Kwa hivyo unaeza shika hiyo ruli moja, uiongezee kitu, na zingine zote zibaki venye zilikuwa.

Yangu naiita pichaPole. Cheki:

```
function pichaPole(md) {
  const zamani = md.renderer.rules.image;
  md.renderer.rules.image = (tokens, idx, options, env, self) => {
    env.picha = (env.picha || 0) + 1;
    if (env.picha > 1) tokens[idx].attrSet("loading", "lazy");
    return zamani(tokens, idx, options, env, self);
  };
}
```

Ruli ya zamani tunaiweka kando kwanza, juu bado tunaihitaji. Mwishoni tunairudishia kazi, yenyewe ndio inaandika tegi ya picha. Sisi tumeongeza tu `loading="lazy"`, yenye inaambia brauza ingoje mpaka msomaji akaribie picha ndio ianze kuishusha. Picha ya kwanza naiacha bila hiyo alama. Mara nyingi iko juu kabisa ya peji, msee anaiona akifika tu, na ukiichelewesha unamwachia nafasi tupu ya kuangalia.

Halafu cheki pahali hesabu ya picha inakaa. Iko kwa `env`, na Eleventy inaleta `env` yake kwa kila peji. Ukiiweka hesabu nje ya ruli, itaendelea kutoka peji hadi peji, na ni stori moja tu kwa tovuti yote itabaki na picha ya kwanza ya haraka. Hiyo imeshika wasee wengi, na si rahisi kuiona, juu hakuna kosa linatokea kwa skrini.

Kuiwasha ni laini moja kwa konfigi:

```
eleventyConfig.amendLibrary("md", md => md.use(pichaPole));
```

`amendLibrary` ilikuja na Eleventy 2.0, mwaka wa 2023. Before iingie, ilibidi uunde markdown-it yako mwenyewe na uipachike. Ukisahau kuwasha `html: true`, tegi zenye uliandika ndani ya stori zinatokea kwa peji kama maneno. Sai unaongezea tu mashine yenye iko ndani tayari.

Sasa hapa niko na msimamo. Kuna plagini zinabadilisha kitu yenye inatoka, kama pichaPole, na kuna zingine zinakuletea alama mpya za kuandika. Mfano markdown-it-container: unafungua na koloni tatu, `:::`, unapata boksi la onyo au la dokezo. Tamu, sikatai. Shida ni hizo alama haziko kwa CommonMark, ile spesifikesheni ya 2014 yenye ilikuja ku-sort fujo ya kila programu kuelewa Markdown kivyake. Siku utahamia Hugo, koloni zako tatu zitamwagika kwa peji vile ziko. Lakini `![maelezo](picha.jpg)` inaeleweka kila mahali. Hugo yenyewe, tangu toleo la 0.62 la 2019, inakuruhusu uweke faili ya `render-image.html` kwa folda ya `_markup`, unafanya kazi ile ile bila JavaScript. Stori zako za miaka yote zinahama bila kuguzwa hata nukta. Wenye mko Jekyll, jueni kitu moja: GitHub Pages ikijenga yenyewe, plagini ya kujiandikia haiskizi. Jengeni na GitHub Actions, halafu mrushe.

Kwa hivyo mimi nikitafuta plagini, kwanza natafuta ile haiguzi maandishi. Alama mpya inaingia tu kama kuna kitu msomaji atapata na hakuna njia ingine ya kumpea.

Na kuna kazi plagini haiezi kukufanyia: maelezo ya picha. Msee haoni, simu yake inamsomea yale maneno ya kati ya mabano. Ukimwandikia "nganya" peke yake, hajapata kitu. Mwandikie "nganya ya zambarau, ubavuni wamechora simba, chini taa za kijani", hapo ako ndani ya stori na sisi wengine. Plagini inaeza kukukumbusha tu, na hiyo ni laini ingine moja juu ya ile ya hesabu:

```
if (!tokens[idx].content) throw new Error("Picha haina maelezo");
```

Ukiacha mabano matupu, Eleventy inadinda kujenga mpaka urudi ujaze. Iweke leo, kabla upakie stori ingine.