Nairobi Half Life ni Filamu ya Mtaa Wetu

Manze, msee wa Butembo, kama hujaona Nairobi Half Life usinisalimie pale Furu. Ni aibu kushinda kuvaa sandali na soksi. Filamu ni ya 2012, na bado inawaka.

Ameiongoza David "Tosh" Gitonga. Joseph Wairimu ndiye Mwas, kijana wa ushago anayeuza DVD za action na kuota kuwa staa. Anatua Nairobi, anaporwa kila kitu, halafu makarao wanamshika yeye. Kwa seli anatumwa kuosha choo. Choo chenyewe, buda, usiangalie ukiwa unakula. Anaosha. Hapo hapo Oti, jambazi wa nguvu, anamtambua, na mbogi inapata mtu mpya.

Poa zaidi, haitaki mtafsiri. Zile filamu za kupita mpaka wa Kasindi zinakuja na VJ wa Kampala anapiga kelele kwa Kiganda. Hapa ni Kiswahili na Sheng zaidi, matusi unayasikia fresh. Na usimalize mega kuidownload, hizo ni doo za wiki nzima. Tafuta msee mwenye flashi.

Wazee wanasema filamu za majambazi zinafundisha watoto wizi. Wacha nicheke! Mzee, uliangalia mpaka mwisho? Makarao waliokuwa wanakula na mbogi ndio wanaimaliza kwa risasi. Hakuna kesi, hakuna jaji. Nani ataona hiyo atamani bastola?

Mimi hapo ndipo iliniuma. Hata kwetu, Beni watu wanachinjwa tangu Oktoba 2014. Mei 2021 ikaja état de siège, kesi za jinai zikapelekwa kwa mahakama za kijeshi. Jaji akavaa gwanda, na mama wa Beni bado anauliza nani aliua mtoto wake. Hiyo stori ni nzito kuliko ya Oti, na inataka kamera.

Lakini kwa filamu, Mwas anapona. Wasee wake wamekufa, na bado anafika jukwaani kucheza part yake. Hope ya aina hiyo naikubali, inatembea na damu kwa shati.

Sasa wewe wa Mulekera, pale Beni, simu yako iko na kamera kali, kazi yake selfi tu Boulevard Nyamwisi. Andika filamu. Weka motari, weka jaji wa gwanda, weka yule mama, mpe maneno mengi kuliko wote. Butembo tutaleta taa na waigizaji. Karao mbaya nacheza mimi.