Kivuli cha Jiko la Mkaa
Mkaa ukishakolea moto, moshi huuoni, siyo? Sasa asubuhi, jua la Moshi likipenya dirisha lililo wazi, weka jiko kati ya dirisha na ukuta mweupe. Vivuli vitachezacheza ukutani! Hewa ya moto ni nyepesi, inapinda mwanga. Mwaka 1864 Mjerumani August Toepler alitumia lenzi na ukingo wa kisu kuona mipindo hiyo wazi zaidi. Siku hizi hata kikohozi huonekana hivyo.

Ila kivuli ni cha joto tu. Kaboni monoksaidi, sumu ya mkaa huo huo, haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania kwenye damu mahali pa oksijeni. Mkaa ukififia kivuli kinaisha, gesi bado inatoka. Kule Marangu na Kibosho baridi ya Julai hushawishi watu kulala na jiko ndani. Usithubutu! Kichwa kikiuma, ukisikia kichefuchefu, toka nje upesi, na wenzako uwatoe.