Kiharusi: Mishipa ya Ubongo Inayoongoza kwa Madhara

Ateri ya kati ya ubongo ndiyo inayozibwa mara nyingi kuliko zote. Ni tawi kubwa la mshipa wa shingoni, hivyo donge la damu linalotoka moyoni huelekea huko moja kwa moja. Inalisha sehemu za uso, mkono na usemi. Ikiziba upande wa kushoto kwa mkulima wa Logiri, wilayani Arua nchini Uganda, jembe linamponyoka mkono wa kulia, mdomo unakwenda upande, na maneno hayatoki hata pale anapoelewa anachoambiwa. Mguu huwa na nafuu, kwani sehemu yake inalishwa zaidi na ateri ya mbele.

Kwa udogo wenye madhara makubwa, hakuna kama vijishipa vya ndani kabisa, vyembamba chini ya milimita 1. Presha ya muda mrefu huviharibu. Kimoja kikiziba, uso, mkono na mguu vinaweza kupooza pamoja, na mgonjwa bado anazungumza vizuri na akili zake timamu.

Kiharusi cha ateri ya nyuma kinadanganya kuliko vyote: macho ni mazima, ila nusu ya anachotazama mtu haionekani. Wengi huanzia kwa daktari wa macho.

Kikatili zaidi ni kile cha shina la ubongo. Mfaransa Jean-Dominique Bauby kilimpata mwaka 1995, kikamwacha amepooza karibu mwili mzima huku akili zake ni timamu. Akaandikisha kitabu kizima kwa kupepesa kope la jicho la kushoto.

Kwetu Afrika Mashariki, Dar es Salaam ina rekodi ya kusikitisha. Utafiti wa 2003 hadi 2006 ulikuta, baada ya kurekebisha umri, wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuwa 109.

Mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya picha kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Kwa anayelazimika kusafiri kutoka Arua hadi Kampala, ni karibu kilomita 500. Basi halifiki kwa muda huo.

Kwa hiyo pima presha kabla ya dalili. Na mdomo wa ndugu yako ukipinda au mkono ukilegea ghafla, andika saa dalili ilipoanza, usimlishe kitu, mpeleke hospitali papo hapo.