Mishumaa ya Nyumbani: Faida Yako Inaanzia kwa Muuza Nta

Stima ikipotea Malaba saa mbili usiku, mtoto hutumwa dukani mbio: "Mama amesema mishumaa miwili na kiberiti." Usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilipofunika sehemu kubwa ya Kenya, hata wenye taa za sola walitafuta mshumaa wa akiba. Ongeza makanisa, mikesha ya matanga na vyumba vya kulala wageni wanakopumzika madereva wa malori, na utaona kwamba soko la mshumaa mpakani bado lipo.

Ndiyo maana tunaulizwa mara kwa mara: naweza kuanza kutengeneza mishumaa nyumbani na mtaji mdogo? Ndiyo, unaweza. Lakini hasara nyingi katika biashara hii huingia siku ya kununua vifaa, kabla hata hujawasha jiko. Kabla hujatoa pesa ya chama au akiba ya karo, soma hapa kwanza.

Nta: uliza inayeyuka kwa digrii ngapi

Nta nyingi ya mishumaa ya kawaida ni ya parafini. Huuzwa kama vipande vikubwa au punje, na zote hazifanani. Kwa mshumaa wa fimbo, ule unaosimama wenyewe, tafuta nta inayeyuka kwenye nyuzijoto 58 hadi 60. Nta laini zaidi ni ya kumiminwa kwenye glasi au kikopo. Ukiitumia kwa fimbo, jua la mchana la Busia litakupindishia mishumaa ikiwa bado kwenye rafu.

Angalia pia mafuta. Nta isiyosafishwa vizuri hubaki na mafuta ndani, na mshumaa wake hutoa moshi na jasho. Funga kipande kwenye karatasi, kiache mahali penye joto hadi kesho. Karatasi ikilowa mafuta, usinunue gunia.

Wengi huongeza stearini, karibu gramu 100 kwa kila kilo ya nta. Inaufanya mshumaa uwe mgumu na utoke kwenye kalibu bila kung'ang'ania.

Nta ya nyuki nayo ni nzuri na inanukia asali, lakini bei yake iko juu na wapo wanaoichanganya na parafini. Ukiambiwa ni nta ya nyuki kwa bei ya parafini, jiulize maswali.

Utambi: choma kipande kabla hujalipa

Utambi uwe wa pamba iliyosukwa. Uzi wa plastiki unaweza kufanana nao kabisa kwa macho, kwa hivyo omba kipande kidogo ukichome pale pale. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha jivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Huo mwache dukani.

Unene nao ni muhimu. Utambi mwembamba sana huzama kwenye nta iliyoyeyuka na moto kuzimika. Mnene sana hutoa moto mkubwa na masizi, na mshumaa huisha haraka. Nunua saizi mbili au tatu, mita chache tu, ujaribu na nta yako mwenyewe.

Kilo moja kwanza, gunia baadaye

Tufanye hesabu ya mfano. Bei zetu ni za kuelewa tu, weka zako. Tuseme kilo ya nta ni Sh300, na mshumaa mmoja ni gramu 50. Kilo moja inatoa mishumaa 20, sawa na Sh15 kila mmoja. Ukiuza Sh25 unaona faida ya kumi, sivyo?

Sasa weka kila kitu: stearini Sh60, utambi Sh40, makaa Sh50, karatasi za kufungia Sh30, nauli ya bodaboda Sh100, ada za kutuma pesa Sh30. Jumla inakuwa Sh610. Hata kama ile stearini itakuongezea mshumaa mmoja au miwili, kuna inayovunjika na nta inayobaki kwenye sufuria, kwa hivyo hesabu 20. Kila mshumaa umekugharimu Sh30.50. Kwa bei ya Sh25, unamlipa mteja ili akununulie!

Ukinunua vifaa vya kilo 10 kwa safari moja, nauli inabaki karibu ile ile, ada ya kutuma haiongezeki mara kumi, na makaa unatumia vizuri zaidi. Hapo ndipo gharama ya kila mshumaa hushuka. Kwa hivyo kilo ya kwanza ihesabu kama ada ya kujifunza: itakuonyesha kama nta na utambi vinaelewana. Ukiruka hatua hiyo ukanunua gunia zima la nta isiyofaa, hasara unayo yote mara moja.

Ukinunua ng'ambo ya mpaka

Hapa kwetu, ambako neno bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka mpaka hadi mpaka, kununua upande wa Uganda ni jambo la kila siku. Lakini kumbuka haya:

1. Ukitajiwa "elfu kumi", uliza: ya Kenya au ya Uganda? Andikiana na muuzaji bei na sarafu kwa ujumbe kabla ya kutuma.
2. Namba inayoanza na +256 ni ya Uganda. Kutuma huko kuna ada yake na reti yake ya kubadilisha pesa. Angalia zote mbili kwenye skrini kabla ya kuweka PIN.
3. Soma jina linalotokea. Kama muuzaji wako ni mama na jina lililotokea ni la mtu usiyemjua, simama kwanza, mpigie.
4. Kwa muuzaji mpya, usitume pesa yote kabla ya kuona mzigo. Lipa mkononi mwa mzigo, ukiwa umeshachoma ule utambi.
5. Pitishia mzigo kwenye Kituo cha Pamoja cha Mpakani, hata kama ni mdogo. Utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizotoka ndani ya jumuiya. Nta ya parafini iliyotoka nje ya ukanda haiingii humo eti kwa sababu umeinunua Uganda. Muulize afisa wa forodha kabla ya kulipa, ujue ushuru ni ngapi.

Jikoni: usifanye haraka

Usiweke nta moja kwa moja kwenye moto. Weka sufuria ndogo yenye nta ndani ya sufuria kubwa yenye maji, na usiondoke hapo. Watoto wakae mbali. Nta ikishika moto, kamwe usimwage maji, moto utaruka. Zima jiko na ufunike sufuria kwa kifuniko. Kiweke karibu tangu mwanzo.

Ukishamimina, nta huzama katikati inapoganda. Bakisha kidogo ya kujazia. Kisha washa mshumaa mmoja hadi uishe, ukiandika umedumu saa ngapi. Mteja atakuuliza hilo, na ni vizuri uwe na jibu la kweli.

Ukianza kuuza

Tenga laini au till ya biashara, pesa ya mishumaa isichanganyike na ya sukari. Mnunuzi akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, usimpe mzigo kwa huo. Cheki salio lako mwenyewe. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwetu.

Usifute ujumbe za malipo ya vifaa. Mwisho wa mwezi zitakwambia nta ilikula ngapi, nauli ngapi, ada ngapi. Ukijua hizo, bei ya mshumaa wako utaipanga wewe, na stima ikipotea tena, yule mtoto akija mbio, utamuuzia ukijua umepata.